Kipupwe kinapoaga Nachingwea na Ruangwa

Mwezi wa tisa ukiingia, misitu ya miombo inayozunguka wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hubadilika rangi. Miti iliyopukutisha majani Julai na Agosti huanza kuchipua majani ya damu ya mzee, mengine ya rangi ya shaba, na vilima vilivyokuwa vya kijivu vikawa vyekundu ndani ya wiki mbili tatu. Ulaya na Marekani nako, mwezi huohuo, majani hugeuka mekundu. Tofauti ni kwamba kule yanakufa. Huku ndiyo kwanza yanazaliwa. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei, ya kwanza haitarajiwi hadi mwishoni mwa Novemba au Desemba, lakini mizizi ya miombo imekwenda chini sana na imeweka akiba. Mti unavaa upya kabla mbingu haijatoa hata tone.

Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba kipupwe kinaaga. Dalili ya pili iko shambani, chini ya mikorosho.

Sehemu hii ya Kusini ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Baada ya mvua huja kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma, umande unapokuwa mzito na watu wanapoota moto asubuhi kabla ya kwenda shamba. Kisha joto hupanda taratibu Septemba, hukaza Oktoba, na kufikia Novemba linakuwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka. Kati ya baridi ile na joto hili kuna wiki kadhaa ambazo mgeni anaweza kuziona kuwa za kupumzika: mahindi yamekwishavunwa, majembe yametundikwa, vumbi limetawala barabarani. Mwenyeji anajua vingine. Wiki hizo ndizo zinazoamua kama mtoto ataanza shule Januari akiwa na sare, kama nyumba itaezekwa bati, na kama familia itauza korosho zake mnadani au zitakuwa zimekwisha kuuzwa kabla hazijaanguka.

Mifuko mitatu ya mwaka mmoja

Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa ana bahati ambayo wenzake wengi nchini hawana. Mazao yake makubwa ya biashara hayaji kwa pamoja, yanapokezana.

Mfuko wa kwanza ni ufuta. Unapandwa mvua zikiwa zimekolea, Januari na Februari, na kuvunwa kuanzia Mei. Mashina hukatwa yangali na ubichi kidogo, yakafungwa matita na kusimamishwa yakauke, kisha yakapinduliwa juu ya turubai na kukung'utwa. Kazi hiyo haitaki papara, maana tita likikauka kupita kiasi vitumba hupasuka vyenyewe na mbegu humwagika ardhini. Mkoa wa Lindi ndio unaotajwa mbele linapozungumzwa zao hili nchini, na minada ya ufuta huanza mwezi wa sita, baridi ikiwa ndiyo inaingia.

Zinafuata mbaazi. Hizi hupandwa pamoja na mahindi mwanzoni mwa mvua, lakini mahindi yakishaondoka zenyewe hubaki shambani, zikatoa maua ya njano kipindi cha ukame na kukomaa kati ya Julai na Septemba. Mbaazi za Kusini soko lake kubwa ni India, na wakulima walijifunza maana ya hilo kwa uchungu mwaka 2017, Serikali ya India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi kutoka nje. Bei iliporomoka, na wapo walioacha zao likaoza shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilikuwa kubwa kuliko fedha ambayo wangeipata. Soko lilifunguka tena baadaye, lakini tangu hapo mkulima wa mbaazi hulima huku akisikilizia habari za New Delhi.

Korosho hufunga mwaka. Mikorosho huanza kuchanua Juni na Julai, katikati ya baridi, na kuangusha kuanzia Septemba hadi Desemba. Ndilo zao linalosubiriwa na kila mtu: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda, mwalimu wa madrasa, mama lishe wa stendi. Hata anayedaiwa hujibu kwa neno moja tu, "msimu," na mdai akaelewa.

Siku za tofali na ming'oko

Kabla ya msimu wenyewe kuna kazi za nyumbani zinazongoja ukame. Julai, Agosti na Septemba ni miezi ya kufyatua tofali. Udongo hukandwa karibu na kisima au kijito kinachokaribia kukauka, tofali zikaanikwa, zikapangwa tanuri na kuchomwa kwa magogo usiku kucha. Aliyekosa tofali hukata nyasi za kuezekea. Ghala la mahindi hukaguliwa na mihogo humenywa ikaanikwa juu ya mawe ili ipatikane makopa ya kusaga unga.

Maji nayo hupungua. Nachingwea mjini hutumia maji ya bomba yanayotoka chemchemi za Mbwinji, mradi ambao unahudumia pia mji wa Masasi. Lakini vijiji vingi vya pembezoni bado vinategemea visima na mito ya msimu, na kadiri Septemba inavyosonga ndivyo akinamama wanavyolazimika kuchimba kina zaidi kwenye mchanga wa mto. Safari ya maji ikirefuka, saa za kuokota korosho hupungua. Katika kaya yenye mikono michache, hesabu hiyo inauma.

Huu pia ni wakati wa ming'oko. Ni viazi pori vyembamba vinavyoota vyenyewe msituni, mmea wake ukitambaa juu ya vichaka, na huchimbwa ukame ukishakolea na majani ya juu yakishanyauka. Mchimbaji hufuata kamba ya mmea hadi ardhini, akachimbua polepole kwa jembe dogo au mti uliochongwa, maana kiazi hicho hukatika kirahisi na kilichokatika bei yake hushuka. Vikifika nyumbani huoshwa na kuchemshwa. Katika vituo vya mabasi vya Lindi na Mtwara utaviona kwenye sinia, vikisindikizwa na chumvi na pilipili ya unga, na abiria aliyekulia Kusini hawezi kuvipita. Hakuna aliyevilima, hakuna pembejeo, hakuna mnada. Ni fedha ya sabuni na chumvi inayoingia moja kwa moja mikononi mwa mama.

Mashamba yakishakuwa meupe, vijana nao huingia porini kuwinda panya wa mwituni, wale ambao watu wa Kusini huwaita kwa utani "samaki nchanga". Ni kitoweo halali cha mezani kwa familia nyingi, na kipindi hiki panya wamenona kwa masalia ya mavuno. Tatizo ni moto. Baadhi ya wawindaji huchoma nyasi ili kuwatoa panya mashimoni, na moto wa Septemba hausikii. Majani makavu yaliyolala chini ya mikorosho yakishika, shamba ambalo baba alilipanda na mtoto akalirithi huteketea mchana mmoja. Mkorosho huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu au minne, na unachukua miaka mingine kadhaa kufikia uzao kamili, kwa hiyo mkulima aliyeunguliwa harudi alipokuwa mwakani. Ndiyo maana shamba la mtu makini utalijua mwezi wa nane: limepaliliwa, limefagiliwa chini ya kila mti, na limezungushiwa njia ya kuzuia moto.

Na usiku kuna ngoma. Baada ya mavuno ndipo familia za Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua zinapopeleka watoto jando na unyagoni, kwa kuwa chakula kipo, fedha ya ufuta haijakwisha na barabara zinapitika. Sherehe hizo ni gharama kubwa, na mzazi hujiandaa kwa miezi. Darasa la saba nao hufanya mtihani wao wa taifa mwezi wa tisa, kisha wakarudi nyumbani, nguvu kazi mpya ikiwa imeongezeka wakati hasa mikorosho inapoanza kuangusha.

Vumbi la njano alfajiri

Korosho za Oktoba hutengenezwa Juni. Maneno hayo mkulima hahitaji kuambiwa na bwana shamba, kwa sababu ameyaona kwa macho yake.

Adui mkubwa wa mkorosho anaitwa ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe wa kijivu. Unapenda hali ileile ya kipupwe: asubuhi za baridi, umande mwingi, jua hafifu. Ua lililoshambuliwa hukauka na kudondoka bila kushika korosho. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na ulilikuta zao likiwa tayari limeyumba. Msimu wa 1973/1974 Tanzania ilikuwa imekusanya takribani tani 145,000. Baada ya hapo ikaja Operesheni Vijiji iliyowahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ikawa duni, mashamba yakageuka vichaka, na ubwiri unga ukamalizia. Kufikia msimu wa 1986/1987 makusanyo yalikuwa chini ya tani 20,000.

Kilicholiokoa zao ni salfa, pamoja na kazi ya watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walioonyesha namna ya kuitumia. Hadi leo, ukilala kijijini Nachingwea mwezi wa saba utaamshwa na mngurumo wa mota kabla ya jogoo. Mpuliziaji amejifunga kitambaa puani na mashine iko mgongoni. Anawahi alfajiri kwa sababu mbili: upepo haujaanza, na umande uliolala juu ya maua unaidaka salfa na kuishikilia. Bomba linaelekezwa juu, wingu la njano linapanda, likapita katikati ya matawi na kushuka taratibu. Kipimo kinachoshauriwa ni robo kilo kwa mti mkubwa kila mara, na kazi hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi hadi maua yashike. Jua likichomoza na upepo ukaanza kucheza na matawi, mota huzimwa. Anayeendelea kupuliza saa nne asubuhi anampulizia jirani.

Kuanzia msimu wa 2021/2022 Serikali imekuwa ikiwagawia wakulima salfa na viuatilifu, na takwimu zimeonyesha tofauti. Msimu wa 2024/2025 uzalishaji wa nchi ulivuka tani 500,000, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Mvua nzuri ilichangia, mikorosho mipya iliyopandwa miaka ya karibuni ilichangia, na pembejeo zilichangia. Lakini pembejeo zina sharti moja gumu: lazima zifike ua likiwa bado changa. Mfuko wa salfa unaoshushwa kijijini Agosti, maua yakiwa yamekwisha kuungua, hauna kazi ya maana tena mwaka huo.

Chini ya mti

Korosho haichumwi. Inangojewa ianguke yenyewe, kwa maana iliyoangushwa kabla ya wakati kiini chake hakijakomaa na huonekana tu inapobanguliwa. Asubuhi na mapema mama na watoto hupita mti kwa mti wakiwa na ndoo. Bibo limelala juu ya mchanga, jekundu au la njano, korosho imening'inia chini yake. Mwokotaji analishika bibo kwa mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia anaizungusha korosho mara moja na kuinyofoa. Kipande cha nyama ya bibo kikibaki, kinakwanguliwa, kwa sababu ndicho kinachovutia ukungu ghalani. Mwendo ni wa haraka, na wazoefu hawatazami mikono yao. Maji ya bibo huacha madoa ya kahawia kwenye nguo ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote, kwa hiyo kila nyumba ina nguo zake za korosho.

Zikifika nyumbani huanikwa juani siku mbili au tatu kwenye turubai au sakafu safi, zikigeuzwageuzwa. Njia ya kizamani ya kujua kama zimekauka ni kuzishika kiganjani na kuzitikisa: iliyokauka inalia. Ghalani hupimwa kwa kifaa, na unyevu hautakiwi kuzidi asilimia 10. Kisha huchambuliwa. Zilizojaa na kung'aa ni daraja la kwanza. Zilizosinyaa, zenye madoa au nyepesi hutengwa. Mkulima anayechanganya ili kuongeza uzito hajidanganyi peke yake, anaishusha bei ya gunia la jirani yake pia, maana mnadani korosho za wengi huuzwa kwa mkupuo.

Mabibo yenyewe ni hadithi ya upotevu mkubwa. Bibo moja lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yake, lina maji mengi matamu na vitamini C inayozidi ya chungwa kwa mbali, lakini haliwezi kukaa hata siku mbili bila kuharibika. Baadhi hukaushwa na kuwekwa akiba. Mengine hukamuliwa, yakachachushwa kuwa uraka, kinywaji cha msimu kinachojulikana Kusini yote hadi ng'ambo ya mto Ruvuma. Naliendele wamekuwa wakifundisha vikundi vya akinamama kutengeneza juisi, jamu na mvinyo. Kazi hiyo inastahili kusukumwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mabibo ya Nachingwea na Ruangwa bado huozea chini ya miti.

Mwezi wa tisa, mwezi wa kangomba

Sasa tufike kwenye jambo linalowaumiza watu wengi katika majira haya.

Fedha ya ufuta imekwisha. Mbaazi zilikuwa kidogo, au zimeuzwa na malipo hayajaingia. Korosho zinaonekana kwa macho, ziko juu ya mti, lakini mnada wa kwanza ni Oktoba. Mtoto anaumwa, au kuna msiba, au anatakiwa kibarua wa kupalilia na hakuna cha kumlipa. Hapo ndipo anapobisha hodi mnunuzi wa kangomba, mtu anayenunua korosho kinyemela, kwa bakuli au kopo badala ya mzani, au anayetoa fedha mapema ili alipwe korosho zikianguka.

Tuseme mama amepokea shilingi 30,000 mwezi wa nane kwa makubaliano ya kutoa kilo 20 za korosho. Ameuza kilo kwa shilingi 1,500. Oktoba bei ya mnada ikiwa shilingi 4,000, kilo zilezile zingempa shilingi 80,000 kabla ya makato. Kwa miezi miwili amelipia mkopo wa 30,000 kwa riba ya 50,000. Hakuna benki nchini inayotoza kiwango hicho.

Kangomba ni kinyume cha sheria na kila msimu viongozi huionya. Lakini onyo halijazi pengo la mwezi wa tisa. Anayekopa kwa kangomba si mjinga na si mvivu. Anajua bei, anajua hasara, ila homa ya mtoto haingoji mnada. Na mara nyingi fedha anayokopeshwa haitoki kijijini. Inatoka kwa wenye mishahara na maduka mijini, ambao hawajawahi kushika mota ya salfa wala kuinama chini ya mkorosho.

Siku ya mnada

Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Kusini zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, yaani Amcos, unapimwa mbele yake na kuandikiwa stakabadhi. Mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, kisha chama kikuu kinautangaza mnadani. Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama hicho ni RUNALI, jina lililotokana na wilaya hizo tatu. Zamani wanunuzi walitumbukiza barua za zabuni kwenye sanduku na kufunguliwa hadharani. Kuanzia msimu wa 2024/2025 minada imekuwa ikiendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bei husomwa, wakulima huulizwa kama wanakubali, na wana haki ya kukataa.

Haki hiyo si ya kwenye makaratasi tu. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, walikataa bei walizoletewa, ambazo zilikuwa chini sana ya zile za mwaka uliotangulia. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi la Wananchi yakaingia vijijini kusomba mzigo. Bei ilifurahiwa. Malipo ndiyo yaliyochukua muda, kwa kuwa kulikuwa na uhakiki wa mashamba ili kuwabaini wa kangomba, na wapo wakulima halali walioingia msimu wa mvua bila kulipwa. Miaka sita baadaye, Oktoba 2024, mnada wa kwanza wa msimu ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo.

Wakati wa malipo, Ruangwa na Nachingwea huwa miji mingine kabisa. Wauza mitumba, vitenge na simu huja kutoka Dar es Salaam na Mtwara. Bati hupanda kwenye malori. Namungo FC, timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/2020 na mwaka uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikicheza nyumbani kwenye Uwanja wa Majaliwa, mashabiki huja na pikipiki mpya.

Hata hivyo korosho nyingi za Tanzania bado huondoka zikiwa ghafi, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Nachingwea ilikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa viwanda vya kubangua zama za mashirika ya umma. Vingi vya viwanda hivyo viliishia kuwa maghala. Ajira ya kubangua, ambayo ingeweza kuwapa akinamama kipato mwaka mzima na kuziba pengo la mwezi wa tisa, imebaki ng'ambo ya bahari.

Somo la karanga

Nachingwea ina sababu ya pekee ya kukumbuka kwamba kilimo hakiendeshwi kwa amri ya mbali. Mwaka 1946 Waingereza, wakiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walipanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Walianzia Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Waliletwa mafundi na matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Reli ilijengwa kuja Nachingwea kutoka pwani, na bandari ya Mtwara ikakamilika miaka ya 1950.

Mpango ulifutwa Januari 1951, ukiwa umegharimu takribani pauni milioni 36. Bandari ilipokamilika hakukuwa na karanga za kupakia, na reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sababu zilikuwa nyingi: visiki na mizizi iliyovunja majembe, udongo wa Kongwa uliokuwa mgumu kiangazi kilipoingia, vipuri vilivyochelewa. Lakini juu ya yote, ratiba ilipangwa London kabla ya kupimwa mvua na udongo wa mahali. Wazee wa Kimwera waliokuwa wakilima hapohapo kwa vizazi, wakijua lini pa kufyeka na lini pa kupanda, hawakuulizwa.

Baadhi ya mashamba hayo ya karanga yalipata historia nyingine. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Frelimo, walipewa eneo la Nachingwea lililojulikana kama Farm 17 kuwa kambi yao ya mafunzo, na chini ya Samora Machel wapiganaji walilima chakula chao wenyewe. Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975. Mikorosho na mihogo ya wanakijiji, iliyokuwepo kabla ya matrekta, bado ipo.

Kabla mvua haijarudi

Novemba ikifika katikati, mawingu huanza kujikusanya jioni na kutawanyika. Maembe yanaiva. Mashamba ya mahindi yanafyekwa, na kila mtu anashughulika mara mbili: asubuhi korosho, jioni jembe. Mbegu lazima inunuliwe sasa. Kibarua wa kulima lazima alipwe sasa. Januari shule zinafunguliwa. Korosho iliyonyeshewa ikiwa bado shambani au uani hubadilika rangi na kushuka daraja, kwa hiyo hata siku tatu za kukosa magunia kwenye chama cha msingi ni hasara inayohesabika.

Kwa mkulima wa Nachingwea na Ruangwa, basi, msaada una tarehe. Salfa ifike kabla ya Juni. Magunia na mizani iliyokaguliwa viwe tayari Septemba. Malipo ya mnada wa Oktoba yaingie kwenye akaunti Oktoba, na ya Novemba yasivuke mvua za kwanza. Viongozi wa Amcos na vyama vikuu, wanunuzi, benki na Serikali wanaijua kalenda hii, waiheshimu.

Na wewe msomaji uliye Dar es Salaam, Mtwara au Dodoma, mwenye shangazi au mjomba kijijini Kusini, una nafasi yako. Kama una shilingi 30,000 za akiba mwezi wa nane, usimpe mtu wa kangomba azizungushe. Mkopeshe shangazi yako, apalilie mikorosho yake na kumpeleka mtoto zahanati. Novemba atakurudishia 30,000 zako, na zile 50,000 zitabaki nyumbani kwake.